Asiyeitwa Maghribi

Khadra aliingia uani baada ya adhana ya Maghribi, nywele zimejaa mchanga, akaenda moja kwa moja hadi jikoni kumshukuru Fahmo kwa kumwita.

"Nilikuwa nimelala chini kabisa, mama mkubwa, kidogo nikose kusikia," alisema. "Lakini umeniita vizuri sana."

Fahmo alikuwa anapakua wali. Mwiko ulibaki hewani. Jioni ile alikuwa amewaita watoto wote, mmoja mmoja kwa jina, kama alivyofanya kila siku. Khadra peke yake hakumwita. Na usidhani alimsahau. Alimruka.

Alimtazama yule mtoto wa miaka tisa, mwembamba, akitabasamu kwa namna ambayo hakuwahi kumtabasamia mtu yeyote katika nyumba ile. Alinukia unsi, uvumba ambao Fahmo hufukizia nguo zake siku ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nawa mikono ule," Fahmo alisema, akageukia sufuria ili asionekane uso.

Kwanza uijue sauti yenyewe. Mtaani Chechelesi, mjini Isiolo, wanawake wengine husifiwa kwa pilau, wengine kwa mapambo. Fahmo alisifiwa kwa koo. Akiita mtoto getini, wauza miraa wa barabara kuu wanageuka. Majirani walimtania kwamba msikiti ukikosa umeme aombwe yeye. Kila jioni jua likianza kuzama alisimama getini na kuwaita watoto waliocheza kwenye laga, ule mto mkavu ulio karibu na geti, kwa sababu kila mzazi wa pale anajua kwamba Maghribi si saa ya mtoto kuwa nje. Hiyo ni saa ya wengine kutoka. Aliwaita wake, Naimo na Salad, akawaita na wa majirani, na hakuna aliyewahi kuachwa. Alijivunia jambo hilo kuliko bangili zake.

Mumewe, Ahmednasir, alikuwa mtu wa malori. Babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, na kutokana na babu huyo nyumba ilirithi vitu viwili: kofia ya chuma, ambayo watoto walikuwa wakiichezea, na desturi ya getini. Askari wale walipotoka safari hawakugonga. Walisimama nje wakaita jina la mke, na mke akaitika "Naam" kutoka ndani, ndipo geti likafunguliwa. Asipoitika, mtu anabaki nje, hata kama nyumba ni yake. Walisema ni kwa usalama, maana zamani usiku wa Isiolo ulikuwa na fisi, na wezi, na vinginevyo. Wajukuu waliacha mengi ya kijeshi lakini hilo hawakuliacha. Kila alipotoka Moyale, Ahmednasir alipiga honi mara moja, akashuka, akasema, "Fahmo!" Naye Fahmo, tangu akiwa bibi arusi wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshajibu kabla herufi ya mwisho haijafika.

Halafu vikaja vita vya upande wa Gotu. Watu wenye bunduki walivamia maboma, wakachukua ngamia, wengine wakawafuata kulipiza, na malori yakaanza kushusha watu na magodoro mjini. Wario, rafiki yake Ahmednasir na mwenzake katika biashara ya ngamia, aliuawa huko. Eda ya mjane wake ilipoisha, Ahmednasir alimwoa. Jina lake Tiya. Akamleta Chechelesi pamoja na binti wa marehemu, ndiye huyu Khadra.

Mtaa ukamsifu Ahmednasir. Ustadh akamsifu. Ndugu zake Fahmo mwenyewe wakampigia simu kumwambia ana bahati ya mume mwenye huruma. Fahmo alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Lau Ahmednasir angeoa msichana wa mjini mwenye kucha za rangi, angelia, angegomba, angevunja sahani, na kila mtu angemwonea huruma. Lakini utamgombeza vipi mtu kwa kutafuta thawabu? Basi alimeza. Akameza tena. Donge likakaa kifuani, na kila Tiya alipopita na kanga yake ya kazi, akiinamisha kichwa na kusema "shikamoo dada" kwa kisauti chake kisichofika hata mlangoni, donge lile liliongezeka.

Na watoto? Watoto walikuwa na vita vyao. Wakubwa hawajamaliza hata kuzika, wao tayari wamehamishia mapigano kwenye laga. Bunduki zilikuwa vijiti vya mgunga. Risasi zilikuwa mavi makavu ya ngamia. Mifugo ya kuibiwa ilikuwa mitungi ya maji ya plastiki, ile ya manjano, inayoburutwa kwa kamba ikipiga kelele juu ya mawe. Kamanda alikuwa Naimo, binti wa Fahmo, miaka kumi, mdomo mrefu kama wa mamake, kofia ya chuma ya babu ikimfunika hadi nyusi. Ukipigwa unabishana, "Hukunipata, ilipita!", unalala kidogo, unaamka, vita vinaendelea.

Khadra alipokuja aliharibu utaratibu huo siku ya kwanza tu. Alipigwa akaanguka mara moja, bila kutanguliza mikono, akalala hivi kwamba nzi walitembea juu ya mdomo wake na mdomo haukutikisika. Kelele zikakatika. Salad mdogo akaanza kulia. Walipomtikisa hakufungua macho. Alifungua alipoitwa jina.

"Wewe unakufa aje hivyo?" wakamwuliza.

Akawaambia bila kujigamba. Siku ya Gotu mamake alimsukuma katikati ya mbuzi akamwambia, lala hapa, usiinuke mpaka usikie mtu wa nyumbani akikuita kwa jina. Akalala. Watu walipita wakiongea juu ya kichwa chake, na viatu vyao aliviona. Alilala mpaka mbuzi wakapoa ubavuni mwake. Jua likizama akasikia, "Khadra," ndipo akainuka.

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya laga: mfu haamki mpaka aitwe kwa jina na mtu wa nyumbani. Na kwa kuwa mwenye kuita watoto wote alikuwa Fahmo, ikawa ndiye anayewafufua jioni. Watoto waliipenda sana sheria hiyo. Walishindana kufa mapema. Naimo alibaki amesimama na kofia yake, akiamuru jeshi ambalo halikutaka tena kuamriwa ila lilitaka kulala kama Khadra, na alirudi nyumbani akitupa viatu. "Hooyo," alimwambia mamake, "huyu mtoto ataenda lini kwao?" Fahmo alipaswa kumgombeza. Alimsugua mgongo tu, kwa sababu swali hilo lilikuwa lake pia.

Sasa turudi kwenye Jumanne ile. Kabla tu ya jua kuzama honi ililia nje. Ahmednasir alishuka kwenye lori, vumbi la Moyale hadi kope, akasimama getini. Fahmo alikuwa ameshafuta mikono, ameshavuta pumzi, mdomo uko wazi.

"Tiya!" aliita Ahmednasir.

Tiya hakuijua desturi, akanyamaza tu huko chumbani. Ahmednasir akacheka nje ya geti. "Tiya, sema naam nifunguliwe!" Tiya akasema, Salad akakimbia kufungua. Ile "naam" ya Fahmo ilibaki kooni, nzima, haina pa kwenda. Nyumba ikaingia shughuli za chai na nyama, Tiya akihudumu, Ahmednasir akiuliza maji ya kuoga, na Fahmo akatoka getini kuwaita watoto. Aliita Naimo. Akamwita mtoto wa Huka, jirani, na wa nyumba ya pili na ya tatu. Jina la Khadra lilifika kwenye ulimi. Alilirudisha. Wafu wote wakainuka mchangani wakajikung'uta wakakimbia nyumbani, isipokuwa mmoja, ambaye aliijua sheria kuliko wenzake.

Alitaka tu huyo mtoto aogope kidogo. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Siku ya pili alimwita kwanza, kwa sauti kubwa, akitumaini mambo yatajirekebisha. Watoto wengine walifika mbio. Khadra alifika wa mwisho, akitembea polepole.

"Mama mkubwa, mbona unaniita mara mbili?" aliuliza. "Ile ya huku inauma masikio. Ile ya huko chini ndiyo nzuri."

"Ya wapi?"

"Huko. Ukiwa umekaa."

Fahmo alimsukuma ndani, akarudi getini peke yake. Laga ilikuwa tupu, mchanga mweupe na mawe, mitungi miwili ya manjano imeachwa imelala ubavu, na zaidi ya hapo vichaka vinavyoanza kuwa vyeusi. Muadhini alikuwa amemaliza. Akasimama akisikiliza mbwa wa mbali na jenereta ya duka, akajiambia huyu mtoto ana mambo ya vita kichwani, akageuka arudi ndani, na hapo ndipo aliposikia kutoka kwenye ukingo wa laga, chini, karibu, kama mtu aliyeketi na miguu ameinyoosha, sauti yake mwenyewe Fahmo, na ukwaruzo wake wa mafua ya zamani, na ile namna yake ya kuvuta mwisho wa jina, ikisema taratibu bila haraka yoyote, "Khadra. Khadra, macaanto," yaani mtamu wangu, neno ambalo yeye alimwitia Naimo akiwa mchanga, akaacha, na hakukumbuka aliliacha lini.

Alifunga geti kwa komeo, na kufuli juu yake.

Hapa nitausema ukweli wa Fahmo kama ulivyokuwa. Aliogopa, na chini ya hofu alifurahi. Hakumwambia mumewe. Angemwambiaje bila kusema kwamba alimruka mtoto yatima saa ya Maghribi? Na kulikuwa na kisauti kingine ndani yake, kidogo, kikavu, kilichosema: kama kuna kitu kinamtaka, si kimchukue.

Siku zikaenda. Khadra akawa hali chakula cha nyumbani. Anasukuma sahani kwa adabu, anasema, "Nimeshiba, nimekula kwako kule chini," na mdomo wake unanuka maziwa ya ngamia ya kibuyu kilichofukizwa, na kwenye ua ule hakukuwa na ngamia wala kibuyu. Mikono yake ikawa baridi hata saa saba mchana. Vita vikianza yeye ndiye anayekufa wa kwanza, kabla hata risasi haijarushwa, akilala mahali pale pale chini ya ukingo, akisubiri. Wenzake wakaanza kumwepuka. Walisema mchanga wa pale una joto kama kitanda kilichotoka kulaliwa.

Naimo alimjia mamake akiwa amenuna. "Hooyo, wewe hupendi mimi."

"Nani amesema hivyo?"

"Huko laga unamwita Khadra macaanto. Wallahi nimesikia. Unamwimbia kabisa. Mimi unaniita Naimo tu, kama mwalimu amekasirika."

"Si mimi, Naimo. Usiende huko. Umesikia? Si mimi."

"Ni wewe," alisema Naimo, machozi yakimtoka. "Najua sauti ya mama yangu."

Asubuhi moja wakifua nguo, Tiya alisogeza beseni lake karibu na la Fahmo. Alikuwa na siku kadhaa akitaka kusema neno. "Dada, nisamehe," alisema chinichini, akitazama povu. "Nilikuja hapa nikiogopa utamchukia mtoto wangu. Sasa anapenda wewe kuliko mimi. Akilala anataja wewe. Mimi nikimshika anatoa mkono." Akafinya nguo ambayo ilikuwa imeshafinywa. "Nashukuru, wallahi. Lakini naona wivu. Huyo ndiye amebaki peke yake kwa Wario."

Kila neno alilolitafuta Fahmo lilikuwa na aibu. "Mtoto ni mtoto," alisema mwishowe, akaenda kuanika shuka ambayo ilikuwa bado ina sabuni.

Mchana huo alijifunga buibui akaenda kwa Ustadh Mahamud, ambaye huziba magurudumu kando ya barabara na jioni huwasomea wagonjwa. Alimkuta amekaa juu ya tairi. Fahmo akamweleza kisa cha jirani, unajua jirani zetu, kuna mtoto hakuitwa jioni. Ustadh alimwacha amalize.

"Huyo jirani yako," alisema, "ajue kwamba hicho kitu hakikuiba. Kimeokota. Kilikuta mtoto amelala chini na hana mwenyewe, kikamwita, akaitika. Sasa ni chake, na kinamlinda kwa wivu mbaya sana."

"Si utasoma, Ustadh? Kitoke?"

"Nitasoma. Lakini aliyemwacha ndiye atamrudisha. Aende pale pale, saa ile ile, amwite. Amwite akiwa anamtaka. Mdomo ukisema njoo na kifua kikisema baki, hao wenzetu wanasikia kifua." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na afanye haraka, Mama Naimo. Kimeshajua nyumba ina watoto wangapi."

Fahmo alirudi ameamua. Nakuapia alikuwa ameamua. Alifika getini akawakuta wote uani. Ahmednasir ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameivua kofia ya chuma kichwani mwa Naimo na anamvisha Khadra kwa mikono yake mwenyewe, akicheka ili mtoto yule aliyekonda acheke naye. "Leo wewe ndiye kamanda," alimwambia. "Leo hakuna kufa." Tiya alisimama kando ameshika shavu kwa furaha. Naimo alisimama upande wa pili, nywele zimebonyea mahali kofia ilipokaa, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Fahmo aliuona uso wa bintiye akajiona mwenyewe. Uamuzi wake ukayeyuka palepale. Kesho, alijiambia. Nitamwita kesho.

Jioni Ahmednasir alikwenda msikitini. Fahmo akatoka getini, akaita. Salad akaja. Wa majirani wakaja, wakipita mbio bila kusema kitu, macho yametoka. Khadra hakuja.

"Naimo!" aliita. Akangoja. "Naimo!"

"Amelala," alisema Salad, akimshika nguo. "Amesema leo anakufa yeye ndio aitwe vizuri. Ameondoa Khadra pale mahali pake, halafu wamelala wote wawili."

Fahmo alikimbia. Alipoteza kiatu kimoja kwenye geti na kingine kwenye ukingo. Nyuma yake alisikia Tiya akitoka na taa ya simu, akiuliza nini, dada, ni nini, lakini hakusimama. Wasichana walikuwa wamelala chini ya ukingo ubavu kwa ubavu, chali, kofia ya chuma katikati yao, na hewa ya pale ilikuwa imejaa unsi, unsi wake, mzito hadi kuuma macho. Nzi mmoja alitembea kwenye mdomo wa Naimo. Mdomo haukutikisika.

"Naimo!" alisema Fahmo, na pembeni yake, kwa sauti hiyo hiyo lakini tamu zaidi, kitu kikasema, "Naimo, macaanto." Akaita tena na kikaita tena, akipaza nacho kinapaza, akilia nacho kinalia vizuri kuliko yeye. Alisoma Ayatul Kursi nacho kikanyamaza kwa heshima mpaka alipomaliza, kisha kikaendelea kuita palepale kilipoachia, na mtoto wake aliyembeba tumboni alilala kati ya mama wawili asijue yupi ni yupi, na kope zake, Fahmo aliona kwa mwanga wa taa ya Tiya, zilianza kugeukia upande ule mwingine, upande wa giza, kama mtu anayekaribia kuamka na kutabasamu.

Hapo Fahmo alianguka magoti, na macho yake yakamwangukia Khadra. Miguu imebana. Mikono imeshika mchanga. Akamwona jinsi alivyolala kati ya mbuzi, viatu vya watu vikipita juu ya kichwa chake, akisubiri jina. Akaona kwamba mtoto huyu alikuwa amefuata alivyofundishwa, na mtu wa nyumbani aliyetakiwa kumwita alikuwa yeye.

"Khadra," alisema. Sauti yake kubwa haikuja. Ilikuja nyingine, iliyochanika. "Khadra binti Wario. Nilikuacha. Sikusahau, nilikuruka makusudi, kwa sababu mume wangu aliita mama yako akaniacha mimi. Nilikuonea wivu wewe na mama yako, na kofia, na chai, na kila kitu. Nilitaka hicho kitu kikuchukue." Nyuma yake taa ya Tiya iliacha kutikisika. "Sasa sitaki. Njoo nyumbani. Ukikataa, mimi nalala hapa na wewe. Njoo, mtoto wangu."

Kitu kilifungua mdomo kuita jina hilo hilo. Kilikwaruza. Kilijaribu tena, na lile neno tamu likatoka limeoza, nusu mtu nusu mbuzi.

Khadra akafumbua macho. Akaketi. Akamshika Naimo mkono, akamwambia sikioni kama askari kwa askari, "Kamanda, amka. Tumeitwa." Naye Naimo, kwa mshangao wa mtu aliyetoka usingizini, akaamka.

Waliondoka wakiwa wameshikana, Fahmo na Khadra, na Tiya amembeba Naimo mgongoni. Nyuma yao sauti ya Fahmo iliita watoto kwa zamu, ikabembeleza, ikatukana kwa Kisomali, ikalia. Walipofika juu ya ukingo ilisema jambo moja tu, kwa upole: "Na mimi nani ataniita?" Hakuna aliyegeuka isipokuwa Fahmo. Pale walipolala watoto mchanga ulikuwa na alama mbili ndogo. Kando yake kulikuwa na ya tatu, ya mwanamke mzima, kimo chake Fahmo.

Ustadh alikuja akasoma kila chumba na akamwaga maji ya dua kwenye ukingo. Watoto wakakatazwa laga. Hata hivyo vita vya Gotu vilikuwa vimetulia, na wao wakaanza mchezo mwingine wa malori. Khadra akarudisha mwili, akala wali mpaka ukoko. Tiya hakuyataja tena yale maneno ya lagani. Ila siku moja aliweka mbele ya Fahmo kikombe cha kwanza cha chai, kabla ya mume, akaondoka. Na kila jioni Fahmo aliposimama getini, jina la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa la Khadra, na la pili lilikuwa "Naimo, macaanto."

Mkasa ungeishia hapo ningefurahi.

Jioni moja Ahmednasir akiwa safarini Moyale, geti limefungwa, watoto wote wameingia, simu ililia. Ilikuwa ya Tiya. Akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie, na Ahmednasir akajaa uani, mchangamfu, akisema barabara ni nzuri, mzigo umepakiwa, atafika kesho kutwa. Salad akadai biskuti. Wasichana wakadai nguo zinazofanana. Ahmednasir alicheka, akasema, "Haya, Tiya, msalimie mwenzako."

Mwenzako. Fahmo alikuwa amekaa karibu na geti akichambua mchele. Alitabasamu na kuendelea kuchambua. Alikuwa amewaita watoto wa mtaa mzima. Yeye, kwa jina lake, ni muda gani hajaitwa na mtu?

Nje, chini kwenye laga, mahali lori haliwezi kufika hata kwa kusukumwa, honi ililia mara moja.

"Fahmo!"

Ilikuwa sauti ya Ahmednasir. Si hii ya kwenye simu, iliyozeeka na yenye kikohozi. Ilikuwa ile ya zamani, ya kijana mwenye vumbi kwenye kope anayemrudia bibi arusi wa miaka kumi na tisa na hawezi kungoja. Punje za mchele zilimponyoka Fahmo vidoleni. Kwenye simu Ahmednasir wa kweli alikuwa bado akisema, "Hallo? Tiya? Mbona mmenyamaza?"

Khadra alikuwa ameshafika. Alimshika Fahmo kiunoni kwa mikono yote miwili, akabana. "Mama, usiitike," alinong'ona. "Mimi najua vile inaita. Sio yeye."

"Najua sio yeye," alisema Fahmo.

"Hooyo, ingia ndani," alisema Naimo, akimvuta mkono. Tiya alisimama, simu mkononi, midomo ikitembea kwa Ayatul Kursi.

Miguu ya kiume ilipanda ukingo bila haraka. Ikasimama nje ya geti mahali ambapo wanaume wa nyumba ile wamesimama tangu enzi za babu, na haikugonga. Kulikuwa na harufu ya vumbi la safari, na unsi kidogo.

"Fahmo," ilisema, karibu sana sasa, taratibu, ikivuta mwisho wa jina. "Fahmo, macaanto."

Fahmo alitazama wale wasichana wawili waliomshika. Aliwapenda wote, na hilo halikuwa na shaka tena moyoni mwake. Alijua vizuri kabisa geti lile hufunguliwa na nini. Na yeye, mwenye sauti inayogeuza watu hadi barabara kuu, aliitika kwa sauti ndogo mno, ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu.

"Naam," alisema.

Komeo likaanza kusogea lenyewe.